Nilitafuta kompyuta, nikarudi na klavie

Waliokuwa kwenye mkutano wa Alhamisi walinisikia nikisema kwamba zile dola 120 tulizotenga kwa ajili ya kompyuta bado ziko, isipokuwa kumi na nne. Wengine walipiga makofi. Wengine walinitazama kwa shaka, na mama mmoja akauliza wazi: "Sasa kompyuta iko wapi?" Nimeombwa nieleze kwa maandishi, ili na wenzetu wa upande wa Walikale wasome.

Nianze na daftari, maana bila daftari hakuna habari ya kompyuta.

Mnajua AVEC yetu. Kila wiki mwanachama ananunua sehemu, pesa inaingia ndani ya sanduku la kufuli tatu, wanawake watatu wana funguo, na mwandishi anaandika katika daftari kubwa. Mwandishi ni mimi. Mnamo Januari 2025, vita ilipofika Masisi, tulikimbia kama wengine wote. Mtoto mgongoni, sufuria kichwani, daftari ndani ya kitenge. Tulitembea kuelekea Walikale, na kabla ya Kibua mvua ilitunyeshea usiku mzima. Asubuhi nilifungua kitenge nikakuta kurasa tatu zimekuwa kama uji wa bluu. Zilikuwa kurasa za mikopo.

Katika kurasa hizo kulikuwa na jina la mama mmoja aliyekopa franka 40,000 za kuuzia maharagwe. Yeye anasema alilipa kabla ya Noeli. Mama wa sanduku anasema hakuona kitu. Mimi nilikuwa mwandishi na sikukumbuka. Wanawake hao wawili walizaa watoto wao wa kwanza mwezi mmoja na walikuwa wakichotea maji pamoja, lakini tangu siku ile kila mmoja anapita njia yake. Tulijaribu kujenga upya hesabu kwa kutumia vile vitabu vidogo vya wanachama. Kati ya wanachama 23, vitabu 14 tu vilikuwa bado vinasomeka, na cha mama yule hakikuwamo.

Ndipo wazo la kompyuta lilipoingia. Wanachama wetu sasa wako pande mbili, wengine wamerudi Masisi, wengine wamebaki Walikale, na daftari moja haliwezi kulala katika nyumba mbili. Mama prezida alisema: tafuta mashine, na ujifunze kuitumia, ututafutie bei.

Mimi kompyuta nilikuwa nimeigusa mara mbili katika maisha yangu, na mara moja kati ya hizo nilikuwa naifuta vumbi. Basi nikaanza kutafuta kwa simu. Mtandao kwetu mnaujua. Kuna kilima kimoja, na juu yake kuna jiwe moja, na ukisimama pale asubuhi mapema unapata. Nilinunua megabaiti, nikapanda, nikaandika kwa Kiswahili: jifunze kompyuta. Zikaja video za Tanzania. Mwalimu anaongea vizuri, taratibu, lakini anasema "bonyeza kipanya" na mimi natafuta panya yuko wapi. Watoto wa shule kwetu wanasema suri, kwa Kifaransa. Yeye anasema faili, wao wanasema fishie. Siku mbili zilipita nikitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Halafu nikaandika kwa Kifaransa, na hapo soko lilifunguka. Kozi kamili ndani ya sidii, dola 35. Programu ya kuandika barua na kufanya hesabu, "leseni ya maisha", dola 20. Kompyuta ndogo "karibu mpya", dola 95, haraka kabla haijaisha. Kila kitu kilikuwa haraka. Huyo wa dola 95 nilimwandikia. Alijibu kwa heshima kubwa, akaniita mama, akanitumia picha, akaniomba dola 15 za kushikilia mashine nisije nikaikosa. Nilituma kwa simu. Zilikuwa pesa zangu za maharagwe, si za kikundi, mnielewe vizuri. Jioni ile namba yake haikupatikana tena, na mpaka leo haipatikani. Baba watoto sikumwambia. Akisoma ukurasa huu, basi amejua.

Nililala na hasira siku tatu. Siku ya nne nilipanda tena kilimani, lakini safari hii sikutafuta bei. Nilichukua ile picha aliyonitumia na kuiuliza maswali, kama tunavyomwuliza muuza mbuzi: meno yako wapi, kwato zikoje? Kwanza niliangalia herufi. Kinanda cha kuandikia, ambacho wengi hapa tunakiita klavie, kina mpangilio wake. Cha Kifaransa kinaanza na A, Z, E, R, T, Y katika mstari wa juu wa herufi. Cha Kiingereza kinaanza na Q, W, E, R, T, Y. Mashine ile ilikuwa ya Kiingereza. Si kosa, lakini mtu anayejifunza kwa masomo ya Kifaransa atatafuta A na kukuta Q, na atafikiri ni yeye mjinga. Pili niliangalia maandishi yaliyokuwa kwenye skrini: Windows 10. Nikasoma kwamba kampuni ya Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haifi siku hiyo, inaendelea kuwaka, lakini kinga yake dhidi ya virusi na wezi wa mtandao haifanywi upya kama zamani. Muuzaji hakusema. Tatu, kumbukumbu ya kufanyia kazi: gigabaiti 2. Hiyo ni kidogo sana kwa Windows ya siku hizi. Ungeiwasha ukaenda kupika sombe ukarudi. Nne, betri. Hakuna aliyetaja betri. Kwetu, ambako umeme ni wa jua au wa kulipia kwa saa, kompyuta isiyo na betri nzima ni sanduku.

Kwa hiyo yule mtu aliniibia dola 15, lakini kama angekuwa mkweli angenipunja 95. Sijui kama hiyo ni faraja.

Nikageukia ile programu ya dola 20. Nilitaka kujua inaitwaje na nani aliitengeneza, na hapo nikakutana na jina LibreOffice. Wamama, programu hiyo ni ya bure. Si bure ya kuonja mwezi mmoja kisha ulipe. Bure kabisa. Ina sehemu ya kuandikia barua, inaitwa Writer, na sehemu ya majedwali ya hesabu, inaitwa Calc, na inasema Kifaransa. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa nyingine ya bure iliyoitwa OpenOffice. Hiyo OpenOffice, nimesoma, mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanya iseme Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Nilifurahi sana, nikiwa peke yangu pale juu ya jiwe. Ina uzito wa megabaiti zaidi ya mia tatu, ambazo kwa bei ya megabaiti zetu si mchezo, lakini mtu mmoja akiishusha anaweza kuiweka ndani ya flashi na kuwapa wengine kumi bila mtandao na bila kosa kwa mtu yeyote. Yule aliyekuwa anauza leseni ya maisha sijui alikuwa anauza nini.

Kozi ya sidii nayo sikuinunua. Kompyuta ndogo nyingi za siku hizi hazina hata mahali pa kuingiza sidii.

Niseme kitu kingine kilichonijia kichwani nikiwa natazama hizo bei. Koltani ya Rubaya, hapa Masisi, inatoa madini yanayoingia katika vipande vidogo vya simu na kompyuta. Bati ya Bisie, kule Walikale, ni ya namna inayotumika kugandishia vipande hivyo pamoja. Vinapita mbele ya milango yetu mgongoni mwa watoto wetu, na vinarudi vikiwa dola 95 na betri imekufa. Basi, tuendelee.

Ile kompyuta ya kujifunzia nimeipata karibu. Pale kwa kijana wa sekretariati, anayepiga fotokopi na kuandikia watu barua, nilimwomba aniuzie saa badala ya karatasi. Tulikubaliana saa mbili kila Jumamosi, kabla wateja wake hawajaja. LibreOffice ilikuwamo tayari ndani ya mashine yake. Wiki ya kwanza niliandika jina langu kwa dakika tano. Wiki ya nne niliandika barua nzima kwa chifu wa kijiji. Na jedwali nililipata wiki ya sita: mistari ni wanachama, safu ni wiki, na chini unaandika =SOMME(B2:B24) na mashine inajumlisha yenyewe kutoka kisanduku cha B2 mpaka B24. Mara ya kwanza ilipojumlisha nilichukua karatasi nikajumlisha tena kwa mkono. Ilikuwa sawa.

Lakini siku tulipopata mwanachama wa 24 nilimwandika katika mstari wa 25, na sikubadilisha ile amri. Jumla ikapungua franka 6,000. Mbele ya watu wote! Mama wa sanduku ndiye aliyegundua, kwa daftari lake la karatasi, kabla sijafungua mdomo. Mashine inahesabu ulichoiambia, si ulichokusudia. Ndiyo maana daftari la karatasi linaendelea, na asiniambie mtu kwamba ni mambo ya zamani.

Sasa zile dola 14. Nimenunua klavie ndogo ya Kifaransa na kamba fupi ya OTG, ile inayounganisha simu na vitu vya USB. Unachomeka klavie kwenye simu yangu, na simu inakuwa mahali pa kuandikia. Kwenye simu nimeweka programu ya bure ya majedwali, nikaihifadhi hesabu ili ifunguke hata bila mtandao. Skrini ni ndogo, macho yanachoka, barua ndefu bado ninaiandikia kwa kijana. Si kila simu inakubali kamba hiyo, kwa hiyo jaribuni dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Mimi sasa silipi tena kitu ambacho sijakiona kikiwaka.

Kuhusu nakala: moja iko kwenye simu, moja kwenye flashi, na moja kwa mwenzetu wa Walikale. Kwa kijana wa sekretariati ninaifuta kila nikimaliza. Na ndani ya nakala hizo hakuna jina hata moja. Mama prezida ndiye aliyelisisitiza, nikaona ana haki. Katika barabara zetu simu inakaguliwa, na hakuna anayetaka mwenye bunduki asome kwamba mama fulani ana franka ngapi na anakaa wapi. Kila mmoja ana namba tu. Orodha ya namba na majina iko kwa wale watatu wenye funguo, na haiko ndani ya simu.

Wale wanaouliza kama dola 106 zilizobaki zitanunua kompyuta siku moja, nasema huenda. Kwanza wengine watatu wajifunze, kwa sababu mashine inayojulikana na mtu mmoja inakuwa ya mtu huyo. Wawili wameshaanza kuja Jumamosi. Mmoja ana mtoto anayenyonya, na yule mtoto anaipenda klavie kuliko mama yake.

Yule mama wa franka 40,000 ni namba 17. Mkutano uliamua nusu isamehewe na nusu abaki nayo, kwa kuwa hakuna upande uliokuwa na ushahidi. Yeye hasomi sana, lakini namba yake anaijua. Kila Alhamisi, kabla watu hawajakaa, ananijia: "Dada, nionyeshe kumi na saba." Ninafungua, anaufuata mstari kwa kidole mpaka safu ya mkopo. Wiki iliyopita ilikuwa 20,000. Wiki hii ni 15,000, na aliitazama ikibadilika mbele ya macho yake, nikiandika. Bado anasema si haki.