Chimba Kwanza, Ndipo Upake Mafuta

Leo sikuhubirii, nakuungamia.

Nilizaliwa upande wa juu wa Meru, kwenye udongo mwekundu wa mlima. Kule ukichimba msingi futi mbili au tatu, unajenga na unalala. Basi niliponunua ploti kule chini Embu, tambarare za Mbeere ukielekea Mwea, nilidhani ardhi ni ardhi. Ilikuwa Septemba, kiangazi. Udongo ulikuwa mweusi, mgumu kama saruji, wenye nyufa za kuingiza mkono. Mzee jirani akaniuliza, "Pasta, umepaona hapa mvua ikinyesha?" Nikamjibu kwamba Mungu ni yule yule, mvua na jua. Nikazunguka ploti, nikapaka bikoni zote nne mafuta.

Makaratasi niliyafuata yote. Nilipekua rekodi za ardhi, nikapata idhini ya bodi, hatimiliki ikatoka safi. Lakini hatimiliki inakuambia mwenye ardhi ni nani. Haikuambii ardhi yenyewe ina tabia gani.

Nilijenga Januari. Aprili mvua ikaja. Udongo ule ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu. Mpunga wa Mwea unaupenda udongo kama huo kwa sababu unashika maji. Ukuta hauupendi. Kufikia Juni mlango wa chumba cha kulala ulikataa kufunga, na ufa ulikuwa umepanda kutoka dirishani hadi kwenye paa.

Lakini ufa siyo uliokuwa ukininyima usingizi. Mama mmoja wa kanisa letu, mjane, alikuwa amenunua ploti inayopakana na yangu. Nilipomuuliza kama aliwahi kuuliza habari za udongo, alisema, "Si pasta alikuwa amenunua?"

Usiku huo nilisoma Hesabu 13 upya. Mungu alikuwa ameshawaahidi ile nchi. Hata hivyo, katika mstari wa 20 Musa anawaagiza wapelelezi waangalie kama udongo wake ni mzuri au mbaya. Ahadi haikufuta ukaguzi. Na yule mjenzi wa Luka 6:48 hakufika mwambani kwa kukemea udongo. Alichimba.

Yule mama alikuwa bado hajajenga, kwa hivyo tulianza kwake. Fundi aliutoa ule udongo mweusi mpaka akafika tabaka gumu, akajaza mawe na moramu, ndipo akaweka msingi. Pesa nilizokuwa nimeweka za kurekebisha kwangu zilienda huko. Ufa wangu bado upo. Ukija nyumbani kuombewa utauona.

Kwa hivyo, mpendwa, kabla hujalipa hata dipoziti, tembelea hiyo ploti wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Angalia kuta za majirani. Lipa kijana achimbe shimo la kufika kifuani, uone udongo mweusi unaishia wapi. Piga hesabu ya kuuondoa, uiongeze kwenye bei. Mzee wa hapo akikuuliza swali, usimnyamazishe kwa imani. Msikilize. Kisha omba.

Na kama ulinunua mahali kwa sababu pasta alinunua, nisamehe. Nipigie, nitakuja na jembe.

Ubarikiwe.