Meza Tuliyoiandaa Wenyewe

Sisi tuliozaliwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika nchi hii ya Nakuru, kuanzia Molo na Elburgon hadi Bahati na Subukia, tulikulia penye kazi nyingi na chakula kichache. Wazazi wa wengi wetu walikuwa vibarua katika mashamba ya walowezi, wakipokea posho ya mahindi, na kitoweo kilikuwa kile alichokichuma mama kando ya shamba: managu, terere, kunde, majani ya malenge. Asubuhi uji wa wimbi, jioni githeri. Kwa majirani zetu Wakalenjin hapakukosa mursik. Nyama ilisubiri sherehe, sukari ilisubiri mgeni. Siyasemi hayo kwa kuyatamani. Surua na utapiamlo viliwaondoa wenzetu wengi kabla hawajajua kusoma, na hata tulipokuwa wazazi, mwaka 1984, mvua ilipokataa, tuliwalisha watoto wetu mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Anayesifu chakula cha zamani bila kuitaja njaa yake, huyo hakukila.

Kisha tukafanya kazi. Reli, pareto, ngano ya Njoro, ualimu, biashara ya viazi, tukachangishana kununua mashamba, huyu ekari mbili, yule tano, tukasomesha. Na kila familia ilipoinuka kidogo, dalili ilianza kuonekana mezani. Unga mweupe wa gredi ukachukua nafasi ya ule wa kinu cha kijijini, mafuta ya kopo yakamiminwa kwenye sukuma wiki, chapati zikaacha kungoja Krismasi, na chai ikatiwa sukari bila kuhesabu vijiko. Hatuoni haya kwa hilo. Mtu aliyelala njaa utotoni ana haki ya kuifurahia sahani iliyojaa. Lakini mwili uliozoea jembe tuliuketisha ofisini na katika matatu, nasi tukaendelea kuulisha kana kwamba bado unalima.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakumpata hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliokuja Nakuru hasa kuchunguza macho waliwapima pia presha watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea, wa mjini na wa mashambani. Nusu yao walikuwa nayo, na wa mjini waliwazidi wa mashambani. Hao waliopimwa ndio sisi. Wala asiseme mtu kwamba ni damu ya ukoo: miaka ya 1980 Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini walifuatiliwa, ikaonekana presha yao inapanda mapema tu baada ya kuhama, chumvi na uzito vikiongezeka.

Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji, damu ikaongezeka wingi. Na mishipa ya mzee, iliyokwisha kukakamaa, haitanuki tena kama ya kijana, kwa hiyo moyo husukuma kwa nguvu hadi unachoka. Unga uliokobolewa umenyang'anywa pumba na kiini, na nyuzinyuzi zikaenda navyo. Maharagwe na mboga za majani, zile tulizoziona za kimaskini, zina potasiamu inayosaidia figo kutoa chumvi.

Lakini kuna jambo ambalo vijana hawalioni kwa kuwa hawapo nyumbani jioni. Mzee na mkewe wamebaki wawili, watoto wako Nairobi, Eldoret au Marekani. Maharagwe yanataka makaa ya saa nyingi. Managu yanataka mtu wa kuchambua. Meno nayo yamepungua. Basi chakula cha usiku kinakuwa chai na mkate, kesho chai na mandazi, na siku ya nguvu ugali kwa mchuzi wa kiungo cha paketi, ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, na humo imehesabiwa ile iliyo ndani ya mkate. Watu waliolea jamaa nzima kwa jembe wanazeeka kwa mlo wa mabaki, huku majirani wakiwaona wameshiba.

Nanyi, wanangu, mnapokuja kutusalimu mnakuja na heshima yote: sukari kilo nne, mafuta ya kupikia, unga mweupe, mikate, na soda kreti moja. Tunapokea kwa mikono miwili, maana ndivyo sisi wenyewe tulivyowafundisha kuonyesha mapenzi. Safari ijayo piteni sokoni kwanza. Leteni ndengu, maharagwe, unga wa wimbi, maparachichi na machungwa. Mlipeni msichana wa jirani aje kuchemsha maharagwe mara mbili kwa juma. Mpelekeni baba yenu akapimwe presha, na akipewa vidonge, mwulizeni kila mnapopiga simu kama amevimeza, kwa sababu mboga haichukui nafasi ya dawa. Na mkiwa hapo kliniki, nyoosheni na ninyi mkono mpimwe.