Vidonge vya Miguu

Kwa miaka miwili shangazi yangu wa Bukoba alituambia anameza vidonge vya miguu. Alivificha kwenye kopo la kahawa. Siku aliponituma duka la dawa ndipo nikasoma jina: amitriptilini.

Naandika habari za afya, kwa hiyo nililijua. Ni dawa ya sonona, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1961. Kweli, hutuliza pia miguu inayowaka moto. Ila miguu ya shangazi ilikuwa mizima. Mumewe alipanda MV Bukoba Mei 1996, hakurudi. Shangazi alinyamaza miaka ishirini. Tetemeko la Septemba 2016 lilipopasua nyumba yake, naye akapasuka.

“Mbona hukusema, shangazi?”

“Mwanangu, ningesema moyo, wangesema nimerogwa. Miguu haina aibu.”

Dawa zenyewe zilianza hivyo hivyo. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, madaktari waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu dawa ya iproniazidi, wakashangaa kuona waliokata tamaa wanachangamka na kudai chakula. Baadaye, huko Uswisi, Roland Kuhn alijaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia. Waliopata nafuu ni wenye sonona. Huzuni ilipata tiba kwa kupitia mlango wa ugonjwa mwingine.

Na kwetu mwili umezoea kuusemea moyo. Januari 1962, shule ya wasichana ya Kashasha, Muleba, wanafunzi walianza kucheka bila kujizuia. Wakafika 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakupata kitu. Mpaka leo watu husimulia kisa hicho kama kichekesho, wakisahau kwamba wasichana wale walikuwa wakilia pia.

Ningemwachia shangazi siri yake, lakini siri hiyo ina gharama. Miguu ikipona, mtu huacha dawa. Jirani alimwambia, “Mbona unatembea vizuri tu?” Akaacha ghafla. Wiki mbili hakutoka kitandani.

Tukaenda wote kliniki.

“Unasumbuliwa na nini, mama?” muuguzi akauliza.

Shangazi akageuka kutazama kama mlango umefungwa.

“Moyo,” akasema. Kisha haraka haraka, “Na miguu.”