Mnyororo wa Kifaru

Ndugu unayesoma haya ukiwa kitandani, au ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mtu wako, nakuandikia wewe kwanza. Mimi ni mtu wa Sakania, mpakani mwa Kongo na Zambia. Leo natembea. Natembea na fimbo, lakini natembea, na ninamshukuru Mungu.

Mji wetu unaishi kwa reli na malori. Reli ilivuka mpaka hapa kutoka upande wa Ndola mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Malori yalikuja baadaye, na siku hizi ndiyo yanayotulisha wengi wetu. Shaba inatoka, bidhaa zinaingia, na foleni hailali. Mimi nilikuwa utingo.

Usiku mmoja parikingini, lori lililokuwa limesimama lilirudi nyuma. Nilikuwa kati yake na ukuta. Mpaka leo nikisikia breki za upepo zikipumua gizani, mikono inapoa. Mke wangu anajua. Ananishika bega, hasemi kitu.

Mfupa ulivunjika chini ya goti ukatokeza nje. Nilipelekwa Lubumbashi, nikafungwa vyuma vinavyopita kwenye ngozi mpaka ndani ya mfupa. Wiki za kwanza nilikuwa na matumaini. Kisha kidonda kikaanza kutoa usaha. Nikarudishwa chumba cha upasuaji. Kisha tena. Mwishowe daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akakaa kimya kidogo, akasema mfupa umekataa kuunga. Alisema kwa upole. Nirudi nyumbani, ninywe dawa, ningoje.

Nyumbani madeni yalikuwa yamenitangulia. Mke wangu alianza kuuza unga kwa kopo mbele ya nyumba. Yaya, ndugu yangu mkubwa, aliuza baiskeli yake. Mama alihamia kwetu ili anisafishe kidonda, mimi mwanaume mzima. Nao wa jumuiya walikuja kila Alhamisi kusali. Nilikuwa nageuza uso ukutani wasinione.

Ulikuja usiku wa masika. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mguu ulikuwa unanuka. Wote wamelala. Nilihesabu vidonge vilivyobaki. Nikavihesabu tena. Nilisema: watapumzika. Nilisema: unga utatosha. Sikuweza kusali. Nilisema jina la Yesu tu, halafu hakuna kilichofuata. Mama akakohoa. Akauliza, "Mwanangu, haulale?" Nikasema hapana. Akaja na blanketi lake, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye kitanda changu. Hakuondoka mpaka kukacha. Asubuhi nilimwambia kila kitu. Akavichukua vidonge, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenipa kimoja kimoja mkononi. Kama unahesabu vidonge usiku huu, tafadhali, amsha mtu. Sema kwa sauti. Usingoje kuulizwa kama mimi.

Siku hizo mtoto wa yaya, anayeishi Liège, Ubelgiji, alimtumia mwanangu sanduku. Ndani kulikuwa na kifaru cha vita cha plastiki cha kuunganisha, Sherman ya kampuni ya Tamiya, ya mkono wa pili. Mama alipoona picha juu ya sanduku alirudi nyuma. Alikuwa Kolwezi Mei 1978, vita ilipoingia mjini, na hapendi mzaha na vitu hivyo. Alisema angalau wangetuma treni, hapa ni mji wa reli. Lakini aliliacha sanduku libaki, kwa sababu niliketi kulitazama, na sikuwa nimeketi kwa hiari yangu kwa muda mrefu.

Mwanangu aliunganisha mwili na magurudumu. Kilichomshinda ni minyororo. Kila mmoja ni utepe laini wa vinaili: ncha moja ina vichomozo viwili vidogo, ncha nyingine ina vitundu. Unapitisha vichomozo vitunduni, kisha unavibana kwa chuma cha moto ili vichwa vyake vitandazike visirudi. Kwetu vichomozo vya upande mmoja vilikuwa vimekatika. "Papa, haishike," alisema, akaniwekea juu ya blanketi.

Gundi ya plastiki haikufaa. Hiyo hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki ngumu ya mwili wa kifaru. Vinaili haiyeyuki nayo, inateleza tu. Gundi kali ya dukani ilishika, kisha ikapasuka mara utepe ulipozunguka gurudumu, kwa kuwa ikikauka inakuwa ngumu wakati utepe unataka kupinda. Basi nikaomba waya mwembamba wa shaba kutoka redio iliyokufa. Mke wangu akapasha sindano kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikatoboa, nikalaza ncha moja juu ya nyingine, nikashona, nikasokota waya kwa upande wa ndani. Mnyororo wa upande wa pili ulikuwa mzima, nikaubana kwa bisibisi ya moto, nikigusa na kuondoa haraka, maana ukichelewa kidogo utepe wenyewe unayeyuka.

Kiungo usikiweke penye mpindo wa gurudumu la meno, kitavutwa mpaka kiachie. Nilikipeleka juu, pale ubavu wa kifaru unapokifunika. Na usivute utepe kupita kiasi, utapinda ekseli. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa dawa, ikanilazimu kupumua kwanza kabla ya kila mshono. Nilipoinua kichwa ilikuwa jioni, na sikuwa nimefikiria mguu. Nililia. Mwanangu alidhani nimejichoma.

Hakuna muujiza hapo. Usaha uliendelea kwa miezi. Lakini asubuhi nilikuwa na kitu cha kuulizia, na nilianza kula bukari yangu yote, yaani ugali. Kijana wa Liège akawa ananipigia. Alinieleza kwamba kipimo cha moja kwa thelathini na tano cha vifaru hivi vya kuunganisha kilianza na kifaru cha Panther ambacho Tamiya walikitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kuwa walitafuta mwili wa kutosha mota na betri, na wengine wakafuata. Nilicheka. Mama alisikia nikicheka, akapiga vigelegele peke yake jikoni.

Kisha picha moja kutoka Lubumbashi ikaonyesha ukungu mweupe kati ya ncha mbili za mfupa. Mfupa mpya. Vyuma vya nje vikatolewa. Sasa ninafanya kazi ya kuandika namba za malori getini, nimekaa kwenye kiti.

Skrubu moja ilibaki ndani. Daktari anataka kuitoa mvua zikiisha. Ninaogopa chumba kile cha upasuaji, naogopa hata harufu yake. Yaya amesema tutapanda naye kwenda Lubumbashi, na mama ameshafunga mzigo wake.