Gavana wa Prosesa na Betri ya Mtumba

Anayeishi kwa bumu anajua: kompyuta ya mtumba huja na betri ya mtumba. Yangu niliinunua Musoma, na hapa Butiama ikichomolewa kwenye umeme ilikaa dakika 50 tu. Fundi akataka ninunue betri mpya, kwa bei ya chakula cha wiki tatu. Huku madodoso ya wakulima wa pamba wa Bunda yananisubiri mezani, ripoti ya fildi inadaiwa, na umeme wa kukatika mnaujua wenyewe.

Nikajiuliza, chaji inaliwa na nani? Walaji wakubwa ni kioo na prosesa. Prosesa ikikimbia zaidi hudai volti zaidi, na ulaji wa umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kwa hiyo ukipunguza mwendo kidogo, unaokoa kingi.

Kwenye Linux msimamizi wa mwendo huo anaitwa gavana. Yupo «performance», anayeng'ang'ania kasi ya juu. Yupo «powersave», mpole. Na «schedutil», aliyeingia na Linux 4.7 mwaka 2016, hupima kwanza kazi iliyopo. Kumjua wako, fungua terminali uandike:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Mimi niliweka ukomo wa kasi:

sudo cpupower frequency-set -u 1.2GHz

Feni ikanyamaza, na betri ikafika karibu saa moja na nusu. Kuingiza majibu ya madodoso hakuhitaji mbio. Vidole vyangu ndivyo vilikuwa vinachelewesha. Ila nilipofika kwenye uchambuzi niliuondoa ukomo. Kazi nzito ikimalizwa haraka prosesa ikalala, mara nyingine hula chaji kidogo kuliko ikijikokota huku kioo kinawaka. Tena mashine ikizimwa, ukomo unafutika. Inabidi uuweke upya.

Betri iliyochoka haiponi kwa amri, hilo nakubali. Lakini ripoti niliiwasilisha siku yake, na hela ya betri nikaila wali maharage.

Kwa hiyo wewe unayezunguka hosteli na chaja mkononi ukitafuta soketi, kabla hujamfuata fundi, muulize kwanza gavana wako yuko upande wa nani.