Nilichagua Namba Kubwa

Saa nne usiku, maabara imebaki na watu wawili, nilimwambia mwenzangu wa mradi neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Umeziunguza chipu." Hakubishana. Alizima kifaa cha kulehemu, akachukua begi lake, akaondoka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tuwasilishe mradi wa mwaka wa nne.

Mradi wenyewe ulikuwa kamera ya kukagua punje za kahawa zinapopita kwenye mkanda. Kichwa cha kamera kiko juu, bodi ya kuchakata picha iko chini, katikati kuna kebo ya sentimeta 40. Kila laini ya data ilitakiwa kupitisha megabiti 200 kwa sekunde, na pembeni kuna mota inayopiga kelele za umeme muda wote. Waya mmoja mmoja wa kawaida usingefaa, kwa hiyo tulikubaliana kutuma kila ishara kwa waya mbili.

Kwa ambao hamjafika huko: waya mbili hubeba ishara ileile, moja ikipanda nyingine inashuka. Mpokeaji anaangalia tofauti tu kati yao. Fikiria mizani ya sahani mbili. Ukiinyanyua mizani yote juu, sahani zote zinapanda, lakini jibu la uzito halibadiliki. Kelele ya mota nayo inazipandisha waya zote mbili pamoja, na mpokeaji haijali. Hapo wote tulielewana. Ugomvi ulikuja kwenye kuchagua aina.

Mwenzangu alitaka LVDS. Hoja yake ilikuwa fupi: inasukuma miliampia 3.5 tu kwenye rezista ya omu 100, inatoa milivolti 350, na mpokeaji anatosheka. Chipu alizoziona zilikuwa za megabiti 400, mara mbili ya tulichohitaji. Mimi nikaona LVPECL. Mawimbi yake makubwa zaidi, karibu milivolti 800 kwa kila waya, na datashiti ilitaja kasi ya zaidi ya gigabiti moja. Nikamwambia, "Dada, kwa nini tuchukue dogo wakati kubwa lipo?" Kusema ukweli sikuwa na hoja nyingine. Nilitaka jopo lione namba kubwa kwenye slaidi. Yeye akasema, "Sawa kaka, amua wewe," na tukaagiza nje kwa hela ya boom, yake na yangu.

Chipu zilikuja, akazilehemu kwa mkono mmoja mtulivu sana. Tukawasha. Kwenye oskiloskopu mistari miwili ililala juu kama paka mvivu, haipandi wala haishuki. Ndipo nikasema lile neno.

Usiku ule sikulala. Nikafungua datashiti, safari hii si ule ukurasa wa kwanza wenye sifa, bali ule wa mchoro wa pato. Pato la LVPECL ni transista inayoweza kusukuma mkondo kwenda juu, lakini haina kitu cha kuuvuta chini. Wewe mbunifu ndiye unatakiwa kuupa njia, kwa mfano rezista ya omu 150 kutoka kila waya kwenda ardhini. LVDS haidai hivyo: rezista moja ya omu 100 kati ya waya mbili, upande wa mpokeaji, inatosha. Bodi niliyochora mimi ilikuwa na ile ya omu 100 peke yake. Yaani nilichagua LVPECL halafu nikaichorea bodi kama LVDS. Chipu zilikuwa nzima kabisa. Aliyeharibu alikuwa mimi.

Asubuhi nilimkuta kantini. Nikamwambia yote kabla hata ya kukaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Twende Kariakoo tukatafute rezista." Tulinunua kumi, tukatumia nane, mbili kwa kila jozi ya waya. Mchana huohuo picha ya kwanza ya punje za kahawa ikatokea kwenye skrini.

Ila deni halikuishia hapo. Kila rezista ya omu 150 inakunywa takriban miliampia 13 wakati wote. Jozi moja ni kama 27, jozi nne zinapita 100. Kwa LVDS, mkondo wa laini zote nne ungekuwa 14. Na kifaa chetu kilitakiwa kwenda shambani kwa betri! Hela na muda wa kuagiza upya havikuwepo.

Siku ya kuwasilisha, mjumbe mmoja wa jopo akauliza swali nililoliogopa: kwa nini LVPECL? Nilikuwa nimeandaa jibu la kusifia kasi. Nikaliacha. Nikasema, "Mwenzangu alipendekeza LVDS na alikuwa sahihi. Mimi nilifuata namba kubwa." Tukaulizwa tungebadilisha nini, akajibu yeye, hesabu moja baada ya nyingine, na jopo zima likawa linaandika.

Wadogo zetu mnaoingia mwaka wa nne, msianze na kasi. Anzeni na umbali, idadi ya vifaa kwenye laini, umeme mlionao, na mpokeaji anataka nini. Kama ni mamia ya mita na data ya polepole, RS-485 inawatosha. Bodi kwa bodi kwa mamia ya megabiti, LVDS. Gigabiti nyingi, angalieni CML. LVPECL ina mahali pake, hasa kwenye saa zinazohitaji usahihi mkubwa, mradi muipe rezista zake.

Na kabla hujamwambia mtu ameunguza chipu, soma kwanza ukurasa wa mchoro wa pato. Mimi nilisoma baada.