Piza ya Mtu Mmoja: Barua kwa Mpwa Aliyeko Kasulu

Kibondo, Kigoma

Mpwa wangu mpendwa,

Shangazi amefurahi kusikia kuwa umenunua oveni ndogo ya mezani na unataka kuwapikia wanao piza. Yasome haya kwanza kabla hujakanda unga.

Anza na umeme. Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2022, zilipoingizwa kwenye gridi ya taifa. Sasa oveni ya wati 1,500 ikiwaka nusu saa haimalizi hata uniti moja ya LUKU. Ila ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba iliyobeba oveni pamoja na birika au pasi hupata moto, na nyumba kadhaa zimeungua kwa namna hiyo.

Sasa piza yenyewe. Kule Napoli, Italia, joko la kuni hufika nyuzi 450 hivi na piza huiva kwa dakika moja au moja na nusu. Oveni ya mezani huishia nyuzi 230 au 250. Ndiyo maana piza nyingi za nyumbani hutoka zimebabuka juu, huku chini bado ni nyeupe na katikati pamelowa. Dawa yake ni kuwasha oveni robo saa nzima kabla, moto wa juu na wa chini, trei ikiwa tupu ndani. Piza ikitua kwenye trei iliyokwisha kupata moto, huanza kukauka chini papo hapo. Isukume nyembamba, isizidi upana wa sahani ya chai. Dakika nane hadi kumi zinatosha.

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chumvi na maji ya vuguvugu robo tatu ya kikombe hutoa piza tatu. Ukishakanda, usiangalie saa, angalia donge: likishakuwa mara mbili ya lilivyokuwa, liko tayari. Jioni za baridi za huku juu hulichelewesha.

Nyanya usiweke mbichi. Zipike na kitunguu saumu hadi rojo liwe zito, kwa sababu maji ya nyanya ndiyo yanayolowesha unga.

Na jibini isikukoseshe usingizi kwa kuwa ni ghali au haipatikani sokoni. Waitaliano wenyewe wana piza ya kale iitwayo marinara: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, bila jibini hata chembe. Wengine huongeza samaki wadogo wa chumvi. Sisi tuna dagaa wa Kigoma. Wakaange wakauke, watandaze juu ya rojo pamoja na vitunguu na pilipili hoho. Wazanzibari nao hawakuisubiri oveni. Pale Forodhani hufunga nyama ya kusaga na yai ndani ya unga mwembamba, wakakaanga kwenye chuma, na watu wakapanga foleni.

Pika moja kwanza, uikate, uigeuze uitazame chini. Kama bado ni nyeupe, ongeza muda wa kupasha trei, usiongeze muda wa kuoka. Kisha uniandikie ilivyotoka.

Shangazi yako